Fundi wa Nyufa

Fundi hakuingia nyumba ya watu kwa mguu. Aliingia kwa kiganja. Alisimama mlangoni, akavua makubadhi, akapiga hodi hata kama mwenye nyumba yuko mbele yake anamtazama, kisha akanyoosha mkono wa kulia akauweka ukutani, pale pembeni mwa mwimo, vidole vimetanda, kama mama anayempima mtoto homa. Akakaa hivyo. Watu wangoja, jua lawapiga, mmoja akohoa, mwingine asema, "Haya Fundi, ukuta wasemaje?" Akisharidhika ndipo mguu ulipoufuata mkono.

Mpaka leo nikiingia nyumba ngeni mkono wangu hunitoka wenyewe. Wanangu hunicheka. "Mama asalimia ukuta," husema.

Nataka kumwandika, na naogopa. Nimesoma mpaka darasa la saba tu, na niliyowahi kuandika ni madaftari yangu ya siku na zile karatasi zake. Huenda nikampamba kuliko alivyokuwa, kwa sababu nina hamu naye. Huenda pia nikamwonea, kwa sababu kuna jambo bado linaniuma. Nitajitahidi nisifanye yote mawili. Jina lake silitaji, na si kwa kuficha: hapakuwa na mtu aliyelitumia. Hata mkewe alimwita Fundi, na akikasirika alimwita "huyo fundi wenu".

Alikuwa fundi wa chokaa hapa Malindi, mjini, katika miaka ile ya themanini watu walipokuwa wakija kwa wingi kutafuta kazi za mahoteli na kila aliyekuwa na chumba cha akiba akakipangisha. Ndipo wenye nyumba walipoanza kutaka amana, wengine wakiiita dipoziti: kodi ya mwezi au miwili anayokaa nayo mwenye nyumba mpaka siku ya kuhama. Ukihama hujavunja kitu, yarudi. Umevunja, yatengeneza ulichovunja. Maneno mazuri. Lakini nyumba zetu ni za mawe ya matumbawe na udongo na chokaa, na chumvi yazila kila siku ya Mungu, mtu awemo asiwemo. Basi siku ya kuhama mwenye nyumba aonyesha ufa: "Huu ni wako." Mpangaji aapa: "Nimeukuta." Mmoja ana nyumba na mwingine ana vyombo barazani, na hakuna mwenye shahidi.

Ndipo waliposema, "Mwiteni Fundi."

Alikuja na chelewa. Si fimbo, si kipimo. Chelewa moja ya ufagio, ameichomeka sikioni kama karani wa forodha anavyochomeka kalamu. Akiitia ndani ya ufa polepole, akiitoa, akiitazama ncha. Ufa mpya ni mweupe ndani, alisema, kama jino la mtoto. Ufa wa zamani hutoa masizi, utando wa buibui, vumbi la watu waliokwisha kuhama. "Hakuna ufa usio na mzazi," ndiyo iliyokuwa kauli yake. "Mzazi wake ni mvua, au chumvi, au mzizi, au mtu. Mtafuteni mzazi kwanza, halafu ndipo mgombane nani alee."

Mikono yake yenyewe ilikuwa imepasuka kwa chokaa, na kila jioni mkewe aliipaka mafuta ya nazi. Ukimhurumia, alikufunulia viganja. "Nyufa zote za mji huu zina nakala hapa," akasema, akacheka kile kicheko chake cha kukohoa. Kicheko kile ndicho ninachokitafuta zaidi. Nimewasikia wazee wengi wakicheka, na hakuna anayekikaribia.

Saruji aliichukia kama mtu aliyemkopa akakimbia. "Yaziba nyumba pua." Sukari aliipenda kuliko afya yake; daktari alimkataza, naye alikuja kwangu asubuhi kununua mkate wa mofa, maana hiyo ndiyo iliyokuwa biashara yangu, akaniomba na kipande cha halua. "Usimwambie mke wangu." Nami sikumwambia. Mkewe alikuwa akijua siku zote, kwa sababu alikula kizembe akajipaka mafuta ya halua ndevuni.

Yeye hakuwa na nyumba. Alipanga, mlango ukitazamana na wangu, na paa lake lilivuja mvua zote za masika. Sufuria tatu sakafuni. Nilimwuliza mkewe mbona hamwambii mumewe apande juu. "Mwanangu," akasema, "nyumba za watu zina fundi. Yangu ina mume."

Kazi hii ya kusuluhisha hakuitakia ujira. Kahawa, na apewe pa kukaa. Hapo nitasema na lisilopendeza. Fundi alipofika kwenye ugomvi, kigoda alikaa yeye, cha pili alimpa mwenye nyumba, na mpangaji alisimama. Akiwa mpangaji ni wa mjini, huletewa mkeka. Akiwa ni mtu wa kutoka mashambani, asimama mpaka mwisho. Sidhani aliliona hilo. Siku moja nilimwambia. Akanikunjia uso. "Mwenye nyumba ana mji, mpangaji ana miguu," akasema, na siku mbili hakuja kununua mkate. Siku ya tatu alikuja, akanunua miwili, na katika ugomvi uliofuata wote walisimama, na yeye mwenyewe pia, magoti yakimtetemeka. Baada ya hapo akarudia vigoda vyake.

Lakini sikiliza na hili. Mama mmoja wa mtaa wa Shela alidai kwamba mpangaji wake, mke wa mvuvi kutoka Ngomeni, ameivunja sakafu kwa kinu. Kweli ufa ulikuwapo, toka katikati ya chumba mpaka ukutani. Fundi akataka bakuli mbili za maji. Moja akaiweka kwenye ncha hii ya ufa, na ya pili kwenye ncha ile.

"Haya mwanangu, twanga."

Yule mke wa mvuvi akatwanga. Maji ya bakuli ya kwanza yakacheza.

"Basi. Sasa mama, waambie binti zako huko chumba cha pili watwange kama kila siku."

Wakatwanga. Bakuli ya pili, ya pale ukutani, ikaruka ikamwaga maji. Watu wakaangua kicheko. "Mama," Fundi akasema, "kinu chako chapiga hodi kwa jirani bila kuvua viatu."

Mama yule akawaka. "Na wewe je? Si wewe uliyeitandaza sakafu hii?"

Fundi akaikwangua kwa kucha, akainusa. "Ni mimi," akasema. "Ni nyembamba. Ulinihimiza nipunguze chokaa nami nikapunguza. Mzazi ni mimi." Amana ya mpangaji ikarudi, na kesho yake Fundi akaja na karai lake akaiziba sakafu ile kwa chokaa yake mwenyewe, mama wa Shela amesimama juu ya kichwa chake akimwambia hapa hujafikia, hapa hujafikia. Hivyo ndivyo alivyokuwa alipokosolewa. Nilidhani atakuwa hivyo siku zote.

Mimi nilikuwa karani wake. Mume wangu alikwenda Mombasa kutafuta kazi, akaipata na akakaa nayo huko. Mimi nikabaki na watoto wawili na tanuri la mofa. Fundi alisoma Kurani na kuandika kwa herufi za Kiarabu vizuri sana, lakini watoto wa wenye nyumba hawakuweza kuzisoma hati zake za mambo ya nyumba. Aliniona nikiandika daftari langu barazani. "Hiyo kalamu yako yajua kuandika ufa?" akauliza. Tangu siku hiyo aliniita Karani. Waliosema walisema: mke wa mtu azungukaje na mzee majumbani. Mkewe akawajibu kisimani kwa sauti ya kila mtu kusikia, "Mkimwona anatazama kitu kingine kisichokuwa ukuta, njooni mniletee habari, nitachinja mbuzi."

Desturi aliyoianzisha ilikuwa hii. Kabla ya ufunguo kutolewa, sisi wanne, mwenye nyumba, mpangaji, Fundi na mimi, twazunguka chumba kuanzia kuliani mwa mlango. Kila penye ufa au shimo au boriti iliyoliwa na mchwa, mwenye nyumba hugusa kwanza na kusema, "Nimeuona." Mpangaji hugusa baadaye. "Nimeuona." Mimi huandika kwa karatasi kaboni, nakala ya huyu, nakala ya yule, na ya tatu hukaa kwangu ndani ya mkebe wa biskuti. Siku ya kuhama twazunguka tena. Kilichomo karatasini si cha mpangaji. Kisichokuwamo ni chake. Ugomvi ukapungua kama moto uliomwagiwa maji, na watu wakaanza kusema, "Hamia kwa fulani, ana karatasi ya Fundi."

Na palikuwa na sharti moja ambalo hakulivunja hata aombwe vipi: ukuta ambao chokaa yake ni mbichi hauandikwi. Wenye nyumba wetu hupaka chokaa mgeni anapohamia, kwa heshima, na chokaa nzito huuziba ufa mwembamba. Siku tatu nne, ikikauka, ufa wajitokeza tena. "Ukuta mbichi hauna ushahidi," alisema. "Rudini ukikauka." Ndiyo maana alianza kwa kiganja. Jicho hudanganyika na weupe. Kiganja chasikia baridi.

Sasa nifike kwa Kadzo.

Kadzo alikuwa mshonaji kutoka Kakuyuni, huko mashambani. Alipanga chumba cha Bwana Athmani, mtu wa vyumba sita, na sitaki kumdhulumu Bwana Athmani: mpangaji akiugua hakumdai, na mapaa yake hayakuvuja. Siku ya kuhamia Fundi alikuwa kitandani ana homa. Mkewe akanitokea mlangoni. "Asema nenda wewe peke yako. Asema wajua kazi."

Nilifurahi mno. Nakumbuka nilivaa buibui langu jipya.

Mkokoteni ulikuwa nje, cherehani ya miguu ya Kadzo imefunikwa kanga juu yake, na mwenye mkokoteni akinung'unika kwamba ana mizigo mingine. Bwana Athmani alikuwa na safari. Nikaweka kiganja kwenye mwimo. Kukavu. Nikazunguka. Nilipofika ukuta wa ndani, kiganja kikapoa. Nilipokitoa kilikuwa na majimaji meupe.

"Huu umepakwa lini, Bwana Athmani?"

"Jana. Kwa ajili ya mgeni." Hakuficha.

Nilijua la kufanya. Nikamtazama Kadzo, amesimama na jasho, akamtazama mwenye mkokoteni, akaniambia, "Dada, si ukuta tu? Andika." Nikajipangusa mkono kwenye buibui, nikaandika: *Ukuta wa ndani, mzima.* Nikawaza nitarudi baada ya siku nne nitazame. Sikurudi. Watoto waliugua, mofa iliungua, sijui. Nimeyatafuta madaftari yangu ya wiki ile nione nilikuwa na kazi gani, na hayaonyeshi kazi yoyote ya maana.

Kadzo alikaa mwaka na nusu. Akapata kibaraza cha kushonea Kilifi, karibu na soko, pahala ambapo mshonaji hulala njaa kwa kutaka tu. Mwenye kibaraza alimpa mpaka mwisho wa wiki alipie, na cha kulipia ni amana yake kwa Bwana Athmani. Hakuwa na kingine. Tukaitwa kuzunguka.

Ukuta wa ndani ulikuwa na ufa, toka juu mpaka kiunoni.

"Haumo karatasini," Bwana Athmani akasema. "Ni hiyo cherehani. Mchana kutwa tuku-tuku-tuku, imeegemezwa ukutani. Mimi sina neno na wewe mama, lakini ukuta huu nitautengeneza na nini?"

"Ufa huu nimeukuta," Kadzo akasema. Alikuwa amesimama, vigoda viwili vimekaliwa. "Ulitokea wiki ya kwanza, chokaa ilipokauka. Siku ile ulikuwa mbichi. Dada huyu aliushika, akapangusa mkono kwa buibui lake. Si ndivyo, dada?"

"Mimi silikumbuki hilo," Bwana Athmani akasema. Huenda kweli hakulikumbuka. Ana vyumba sita.

Fundi akatia chelewa. Ikatoka na weusi, lakini mwaka na nusu na jiko la makaa chumbani watosha kuutia ufa weusi, na aliyasema hayo kwa haki, huku akiigeuzageuza ncha. Chelewa haikumaliza neno. Akanigeukia. Barazani palikuwa na majirani kama kumi.

"Karani. Siku ile uliweka kiganja?"

"Niliweka, Fundi."

"Chokaa ilikuwa kavu?"

Lile jibu la kwanza lilikuwa kweli, na labda ndilo lililonipa sauti ya kusema la pili. Alikuwa akinitazama kwa ile imani yake, kichwa amekiinamisha kidogo kama anayesikiliza redio. Niliona kwamba akijua nimevunja sharti, hataniita Karani tena. Niliwaona wale majirani. Kadzo sikumtazama.

"Ilikuwa kavu," nikasema.

Fundi akaitia chelewa sikioni. "Basi karatasi imesema," akasema. "Amana itengeneze ukuta."

Kadzo hakulia wala hakutukana. Alinisogelea, akanishika ncha ya buibui, lile lile, akaligeuza kutazama ndani yake kama mshonaji anavyotazama mshono, akaliachia. "Chokaa hutoka ukifua," akasema. Akaenda. Kibaraza alikikosa. Baadaye nilisikia kwamba aliiuza cherehani na kurudi kwao Kakuyuni kulima.

Wiki iliyofuata Fundi alikwenda kuutengeneza ukuta ule. Ili uzibe ufa vizuri ni lazima uufungue kwanza, uubomoe pembeni mpaka ufike penye uzima. Alikaa huko asubuhi nzima. Mimi nilikuwa kisimani alipokuja kunawa. Alinawa muda mrefu kuliko kawaida yake. Nikamwambia shikamoo, ndivyo nilivyomwamkia siku zote, ni mzee wangu. Akasema marahaba kwa ndoo ya maji, si kwangu. Tangu siku hiyo hakuniita kwenda kuandika. Watu wakimjia aliwaambia magoti yanamuuma. Mkate alinunua kama kawaida, na halua hakuomba tena. Sikujua alikuta nini ndani ya ufa, wala sikuthubutu kumwuliza. Mwaka uliofuata macho yakaanza kumwingia ukungu, na binti yake akaja akamchukua yeye na mkewe kwenda Kilifi. Mlango ule ulionikabili wakapanga watu wengine. Miezi mingi nilipika mofa moja zaidi ya zilizouzwa. Nilijiambia nimekosea hesabu.

Ilipita miaka minne. Nikapata habari kwamba yuko Kibarani, huko huko Kilifi, haoni tena, na kwamba binti yake amempatia chumba chake mwenyewe karibu naye kwa sababu wajukuu wanampigia kelele. Sikuwa na jambo Kilifi. Nilichukua mofa tano na halua na daftari, nikaenda.

Nilimkuta mlangoni mwa chumba hicho kipya, amesimama, mkewe amemshika kiwiko. Vyombo vilikuwa bado nje. Alikuwa amekonda, kanzu imemwangukia, na mkono wa kulia umenyooka kutafuta mwimo.

"Shikamoo, Fundi."

Mkono ukasimama hewani. "Marahaba," akasema. Kisha akasema, "Karani. Umekuja na kalamu?"

"Ninayo."

"Mwenye nyumba ameacha ufunguo, asema kila kitu kizima, tuandike tu atakuja kutia sahihi. Mimi ni mpangaji, sina ubavu." Akakohoa kile kicheko. "Viganja vyangu havisikii kitu tena, vimekuwa gamba tupu. Weka chako, unizungushe."

Nikazunguka, kuanzia kuliani, yeye nyuma yangu kwa hatua zake, mkewe akibaki nje na vyombo. Mwimo. Nyuma ya mlango. Ukuta wa choo. Nilipofika ukuta wa dirisha, mweupe unaong'aa, kiganja kikapoa.

"Vipi?" akasema. "Chokaa kavu?"

Nilikuwa nimepanga maneno mengi tangu Malindi. Sikutumia hata moja.

"Mbichi, Fundi." Nikasikia sauti yangu mwenyewe kama ya mtu mwingine. "Na ile ya kwa Bwana Athmani pia ilikuwa mbichi."

Akatafuta ukuta mkavu akauegemea. Nje mkewe alikuwa akimgombeza kuku.

"Najua," akasema. "Mimi ndiye niliyeufungua. Ndani mlikuwa na chokaa ya zamani, ufa ulikwisha kuzibwa na mtu mwingine, miaka kumi kabla ya yule mama kuja. Niliiona. Nikaiziba."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, karatasi zote za mji zingekuwa za kufungia samaki. Nilijiambia hivyo. Nikakukasirikia wewe ili nisijikasirikie mimi." Akajipangusa viganja kwenye kanzu. "Kumbe tumekaa na amana ya mtu miaka yote hii, mimi na wewe. Wamjua aliko?"

"Kakuyuni."

"Basi nenda, wewe una miguu. Mwambie na langu. Ukuta huu haukauki leo wala kesho, ukirudi utaukuta."

Nilikwenda. Nilifika kwa Kadzo siku ya pili, yuko shambani, jembe mkononi. Hakuniambia nikae, wala sikutaka kukaa. Nilimwambia yote nimesimama: langu, na la Fundi kama alivyolisema, bila kulipunguza. Nikampa amana yake, niliyoitoa katika mofa zangu. Aliipokea, akaifunga kwenye pindo la leso. Akatazama mahindi yake.

"Amana imerudi," akasema. "Cherehani haikurudi." Akainua jembe.

Siku ya nne nilikuwa Kibarani. Fundi alikuwa amekaa mkekani, vyombo vimekwisha kuingia, ukuta wa dirisha umeachwa wazi bila kuegemezwa kitu. Alinisikia hatua.

"Alisemaje?"

"Tukimaliza nitakwambia."

"Haya. Weka kiganja."

Nikaweka. Ulikuwa vuguvugu kama mkate unaopoa.

"Kavu, Fundi."

"Kuna nini?"

"Kuna ufa. Mwembamba, kama unywele. Toka pembe ya dirisha kwenda chini." Nikaugusa. "Nimeuona."

Akainuka kwa taabu. Mkewe akamwongozea mkono, naye akaupapasa ukuta kwa vidole vile visivyosikia. "Nimeuona," akasema. "Andika." Nikaandika. "Sasa niambie, alisemaje?"

Nikamwambia, neno kwa neno.

Alibaki pale pale, kiganja ukutani, uso ameuelekeza dirishani ambako haoni kitu.

"Andika na hilo," akasema.

Nakala ya mwenye nyumba sijui iko wapi, na ya Fundi ilikwenda alikokwenda yeye. Ya tatu ninayo mkebeni. *Chumba cha Kibarani. Ukuta wa dirisha: ufa mmoja, mwembamba, toka pembe ya dirisha kwenda chini. Umeonekana chokaa ilipokauka. Cherehani haikurudi.*